Vitaa vya Bibi Mifugo

Taa ya mchana haionyeshi njia, humwonyesha mpita njia.

Mmeusikia msemo huo leo kikaoni, mwenyekiti akimwambia yule mama aliyevumilia paa linalovuja miezi miwili bila kumweleza mtu, nanyi mmerudi mnauliza ni taa gani hiyo inayowashwa jua likiwa juu. Kaeni, endeleeni kuchambua maharage. Msemo huu hatukuurithi kwa wahenga. Ulizaliwa hapahapa Ihemelo, nami nilikuwa mtu mzima ulipozaliwa. Mwanzo wake ulikuwa hivi.

Alikuwako bibi mifugo, jina lake Evodia. Aliletwa huku akitoka chuoni, ahudumie vijiji vitatu: achanje kuku, atibu ng'ombe wa maziwa, azalishe waliokwama. Kazi aliipenda kweli. Ng'ombe mkali alimtulia kama ndama. Ila watu walimtoa jasho. Kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Akimsalimia mzee, "Kamwene" yake ilififia kabla haijamfikia. Kutazamwa na watu watatu kwa pamoja kulimchosha kuliko kupanda mlima.

Alipewa pikipiki ya kijani, na barabara yake kubwa ilikuwa ile ya kwenda Kidope, inayopita katikati ya msitu wa misonobari. Mnaijua. Miti imepandwa kwa mistari, na jua likipanda hushuka barabarani vipande vipande, kivuli, mwanga, kivuli, mwanga, kama mkeka wa rangi mbili. Pikipiki ikipita humo, jicho huipoteza. Na humo ndimo yanamopita malori ya magogo.

Mara mbili katika mwezi mmoja lori lilimjia upande wake kana kwamba barabara ni tupu. Mara ya pili aliishia mtaroni, chupa za chanjo zikamwagika kwenye matope. Usiku huo Evodia aliamua moyoni: ikitokea ya tatu, anarudisha pikipiki na kuomba kazi ya ofisini wilayani. Alipoamua hivyo alilia, maana ng'ombe hawaji ofisini.

Asubuhi akaisukuma pikipiki mpaka kwa fundi Chaula.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Nimesikia umelala mtaroni. Unakimbiza sana?"

"Hapana. Naenda polepole mpaka baiskeli zinanipita."

"Basi shida si mwendo. Shida huonekani. Kijani ndani ya kijani."

Akamfungia vitaa viwili vyeupe, kimoja kila upande, chini ya taa kubwa, akaunga waya wake na ule wa ufunguo. "Ukiwasha pikipiki vinawaka, ukizima vinazima," alisema. "Havikuombi ruhusa."

Hapo ndipo taabu nyingine ilipoanza. Kwetu sisi, mwenye kuwasha taa mchana ama amesahau, ama anasindikiza maiti. Na aliyesahau hukumbushwa, ndio uungwana wetu: unamwinulia mkono, unafumba na kufumbua vidole, naye anajua. Basi Evodia alikumbushwa. Wanawake wenye kuni vichwani walimfumbulia vidole. Wanafunzi walimfumbulia vidole mstari mzima. Mzee mmoja alitua jembe chini ili atumie mikono yote miwili. Dereva wa lori alitoa mkono dirishani. Na alipofika Kidope, wazee waliokuwa wakicheza bao barazani pa duka walinyamaza, wakasimama, wakavua kofia, wakaikazia macho barabara nyuma yake wakingoja jeneza. Akatokea mbwa.

Evodia alitamani ardhi immeze. Kesho yake alikuwa tena kwa fundi.

"Fundi, naomba uniwekee swichi."

"Ya nini?"

"Ya kuzimia."

Chaula akaweka bisibisi chini. "Kuweka swichi kwenye taa hizi ni kutoboa mtungi ili maji yapate hewa."

"Watu wananitazama, fundi."

Chaula alitaka kuendelea kubisha, lakini aliona machozi yakimlengalenga Evodia, akaweka swichi.

Kwa siku nne mambo yalikwenda vizuri. Akikaribia watu anazima, akiingia msituni anawasha. Siku ya tano alipigiwa simu kwamba ng'ombe wa mjane mmoja kule Kidope tangu alfajiri anasukuma na ndama hatoki. Evodia aliondoka mbio. Alipopita shuleni ilikuwa mapumziko, watoto wamejaa kando ya barabara, akazima vitaa. Mawazo yake yalikuwa kwa ng'ombe. Akaingia msituni hajawasha.

Lori lilitokea mbele, likakwepa shimo, likaja upande wake zima zima. Evodia alikata kona kuingia kwenye majani makavu ya misonobari, tairi zikateleza, pikipiki ikalala, naye akabingirika mpaka kwenye shina la mti. Breki za lori zililia.

Dereva, Kihwele, alishuka akikimbia. Alipomwona ameketi, naye akaketi chini.

"Umeumia, dada?"

"Hapana. Viganja tu vimechubuka."

Kihwele akaitazama pikipiki, akavitazama vitaa. "Kumbe ni wewe? Siku ile nilikuona tangu darajani, bado uko mbali huko. Nikakuonyesha hivi," akafumba na kufumbua vidole. "Leo nilikuwa natazama mbele, dada, kweli kabisa. Nimeona miti. Nimeona miti tu."

"Siku ile nilikuchukia," Evodia alisema, akashangaa kuisikia sauti yake.

"Mimi? Nimekukosea nini?"

"Ulinionyesha mkono. Kila mtu ananionyesha mkono."

Kihwele akamtazama kama mtu anayesikiliza lugha ngeni. "Sasa dada yangu, asiyekuona angekuonyesha mkono wa nini?"

Evodia aliitazama mikono yake inayovuja damu, akaikumbuka ile mingine yote: ya wanawake wa kuni, ya wanafunzi, ya mzee wa jembe. Kila mkono ulikuwa umebeba jicho nyuma yake. Siku ile barabara nzima ilikuwa imempokea na kumkabidhi, mtu kwa mtu, mpaka Kidope akafika salama, naye akaita hiyo aibu.

Kihwele akamsaidia kuinua pikipiki. Ng'ombe alikuwa bado anangoja. Evodia aliwasha vitaa akaenda, akanawa mikono ikimwasha, akamgeuza ndama, na saa nane mchana ndama jike mwenye paji jeupe alikuwa anajaribu kusimama huku mjane akiimba. Ya tatu ilikuwa imetokea, lakini jioni hakwenda kurudisha pikipiki; alipitia kwa fundi.

"Toa swichi," alisema.

Chaula aliitoa, akaunga waya kama mwanzo, na kucheka akachekea ndani ya kola ya shati.

Mikono ya watu haikukoma, itakomaje? Lakini siku iliyofuata, pale barazani Kidope, mzee mmoja alipaza sauti: "Binti, taa hizo, na jua lote hili! Njia gani unayoitafuta?"

Evodia alisimamisha pikipiki. Hakuwa amewahi kusimama pale. Wazee saba walimtazama, kete mikononi. Uso ulimwaka moto, ila alisema mpaka wa mwisho akasikia:

"Hazinionyeshi njia, babu. Zinanionyesha mimi."

Wazee walilitafuna neno hilo. Kisha yule aliyeuliza akasema, "Basi, tumekuona."

"Asanteni," akasema Evodia, akaondoka akitabasamu ndani ya kofia yake ngumu.

Tangu hapo aliyemwinulia mkono alipewa jibu lilelile, na baada ya wiki chache watu walilisema kabla yake. Wanafunzi wakipanga mstari walimwitia, "Tumekuona, bibi mifugo," naye akawainulia mkono. Kiangazi hicho fundi Chaula alifunga vitaa kwenye pikipiki nyingi hata akaishiwa waya. Watu wakalichonga neno, wakalitia mizani, nalo likatoka barabarani likaingia majumbani. Mzee aliyeficha kidonda aliambiwa hivyo na mkewe. Kijana aliyempenda binti wa watu mwaka mzima akiwa kimya aliambiwa hivyo na dada yake, akaenda kusema, na harusi tuliila.

Kwa maana haja yako wewe unaijua, na njia yako unaiona. Lakini hauko peke yako barabarani, na mwenzako hawezi kukupisha asipojua uko wapi. Ndiyo maana tunasema: taa ya mchana haionyeshi njia, humwonyesha mpita njia.