Mgeni Asiyetaka Kukaribishwa

Paukwa!

Pakawa!

Nianze?

Anza!

Na mkisinzia je?

Wewe simulia hivyohivyo!

Basi hapo kale, kuku walipokuwa wakisema na watu, na watu wakiwa na adabu ya kuwajibu, palikuwa na mkwezi mmoja akiitwa Faki. Faki alikwea minazi ya kijiji kizima. Akipanda utadhani mjusi, akishuka utadhani tone la maji. Na jioni akijinyoosha mkekani tu, mara anakoroma. Mkewe, Mize, humcheka, akamfunika shuka, akalala naye.

Siku moja kaka yake Mize akarudi safari, akamletea dada yake samadari. Si kitanda cha kamba kama vya watu, la! Samadari yenyewe, mbao zimenakshiwa, vioo kichwani, vioo miguuni, na juu yake godoro la sufi nene kama shavu la jumbe. Mize akafurahi mpaka akalia.

"Mume wangu amekwea minazi ya watu tangu ujana wake," akasema. "Sasa naye atalala kama sultani."

Maneno mazuri hayo, wala hayakuwa ya uongo. Lakini samadari ikikaa gizani, nani ataiona? Mize akatundika kandili moja, akaona haitoshi. Akatundika ya pili, akaona bado. Akatundika ya tatu. Akafukiza udi mpaka mbu wakakohoa. Majirani wakawa wanakuja kila jioni. Wanakaa ukingoni mwa kitanda, wanajitazama kwenye vioo, wanakunywa kahawa, wanasifu. Faki kajibanza ukutani, anatabasamu, anangoja waondoke. Wakishaondoka, macho yake makavu mpaka alfajiri.

Mambo yakawa hayo, mwezi mzima. Kisha Jumbe akataka kumwoza binti yake, akamwita Faki. "Nataka nazi za harusi. Siku tatu utakwea minazi ya bondeni. Siku ya nne utakwea ule mrefu wa kilimani."

Ule mrefu wa kilimani ulikuwa umeshamuua mkwezi mmoja, aliyekuwa mwalimu wake Faki. Mize aliposikia, kijiko kilimponyoka mkononi.

Siku ya kwanza Faki akakwea, akateleza kimo cha mtoto. Akarudi anachechemea.

"Umekuwaje, bwana?"

"Nikiwa juu, macho yanajifumba. Nikiwa kitandani, yanafumbuka. Sijui nimekosana nayo nini."

Usiku ule Mize hakufumba macho kwa hofu. Mara akaona mlango unasogea, polepole, polepole. Kijitu kifupi kimesimama kizingitini, kanzu yake rangi ya jivu, miguu yake haitoi sauti. Kinaimba kwa sauti ya chini:

*Nimefika, nimefika,*
*mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje,*
*nitakaa wapi mimi?*

Mize akamjua. Ni Usingizi! Na Mize kwao amelelewa. Mgeni akisimama mlangoni hukai ukimkodolea macho. Akaruka kutoka kitandani, akapandisha tambi za kandili zote tatu, akasema kwa sauti ya furaha, "Karibu! Karibu ndani! Habari za huko utokako? Za nyumbani? Za njiani?"

Kijitu kikaweka mikono usoni. *Narudi nilikotoka, leo hapa si pangu.* Kikatoweka.

Siku ya pili Faki akateleza kimo cha paa la nyumba, kuti likamdaka kwapani.

Mize akasema moyoni, "Jana sikumwandalia kitu, ndiyo maana amekasirika." Jioni akaita majirani wote waje wamsaidie kupokea mgeni wa heshima. Akachemsha dele la kahawa, akakata halua. Kijitu kikaja, kikasimama kizingitini:

*Nimefika, nimefika,*
*mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje,*
*nitakaa wapi mimi?*

"Huyo! Huyo kaja!" majirani wakapiga kelele. "Mpe kahawa! Mpe kikombe kikubwa!"

*Narudi nilikotoka, leo hapa si pangu.*

Siku ya tatu Faki akateleza tangu kileleni, akazuiwa na kamba ya miguuni, shina likamchuna kifua chote. Akajikokota mpaka nyumbani, akaketi kizingitini. Alikuwa mwanaume asiyependa kulalamika, lakini siku hiyo alisema, "Mize, kesho ni ule mrefu. Nikianguka, usiuze jembe langu jipya. Lina mpini mzuri."

Mize akamkaripia, "Nyamaza wewe na mpini wako!" Kisha akaingia jikoni, akalia kwa moshi usiokuwapo.

Usiku huo akawaita wapiga dufu. Ndiyo, dufu! Mgeni gani mkubwa asiyepigiwa dufu? Na Faki alipoketi, akamsukuma kifuani. "Lala! Umelala? Mbona hulali? Fanya bidii!"

Kijitu kikafika, hakikumaliza hata wimbo wake. Kikakimbia. Safari hii Mize akashika kandili, akakifuata mbio, kanga inaburura. Kikapita kisimani, kikapita mfenesini, kikajipenyeza kwenye banda la kuku. Mize akafungua kijilango.

"Zima hicho kimoto chako!" ikatoka sauti. Alikuwa Bi Mashungi, kuku wake koo mweusi. "Umemfanyia nini mgeni wetu? Anahema kama mbwa."

Mize akapuliza kandili. "Nimemkaribisha tu, Bi Mashungi."

"Umemkaribisha vipi?"

"Kwa taa, kwa kahawa, kwa dufu. Tena nimemuuliza habari za kwao."

Kuku wote wakakohoa gizani, na kuku wakikohoa hivyo, jua wanacheka.

"Mwanangu," Bi Mashungi akasema, "adabu hizo mfanyie mkweo. Huyu haji kutazamwa. Ukimwamkia amekwenda, na ukimngoja umeketi wima amekwenda. Tutazame sisi. Jua likitua tunapanda, saa ileile, leo na kesho. Hatuulizani habari. Hata jogoo, na majivuno yale, hufunga mdomo wake. Ni giza, kimya, na kiupepo kinachopita kati ya fito. Na banda letu hatukulijenga lisifiwe."

"Lakini nikiwafungia majirani, watu watasema nini?"

"Watasema. Wakichoka watalala. Funga mlango, unatuingizia umande."

Mize akakaa nje ya banda muda mrefu. Kumfukuza jirani mlangoni, katika kijiji kile, ilikuwa kama kumvua kilemba. Jina likishachafuka, hakuna sabuni ya kuling'arisha. Akawaza jina lake. Kisha akawaza kifua cha Faki kilichochunika.

Alfajiri akapanda kwa Jumbe, akapiga magoti. "Mume wangu ni mgonjwa wa macho. Nipe siku moja tu." Jumbe akaguna, akampa siku moja, wala si mbili.

Mize hakungoja usiku. Mchana akageuza vioo vikatazama ukuta. Akatoa chetezo cha udi, akatoa dele, akatoa kandili zote, akaziweka barazani. Lile godoro la sufi, lenye joto la tanuri, akaliviringisha akalisimamisha pembeni, akatandika mkeka juu ya mbao na shuka lililopigwa jua. Akafungua kidirisha cha nyuma, kile cha upepo.

Magharibi ikaingia. "Hodi!" Ni Bi Sichana, jirani, na kikombe chake mkononi.

"Karibu barazani, shoga."

"Barazani? Samadari imevunjika?"

"Nzima. Chumba kimefungwa."

"Hata kwangu mimi?"

"Hata kwako."

"Basi mna mgeni."

"Yuko njiani."

"Mgeni gani hataki kuonana na watu?"

"Huyohuyo."

Bi Sichana akavuta pumzi. "Haya! Umepata kitanda, umesahau watu."

Neno hilo lilimchoma Mize. Akataka kumjibu, akataka kumwita ndani, akataka kumlilia. Akasema tu, "Sema utakalo, shoga yangu. Ila sema polepole."

Akaingia, akafunga. Akamwosha Faki miguu kwa maji ya uvuguvugu, akazisugua nyayo zake ngumu kama magome.

"Mize, kesho ule mnazi..."

"Kesho nimeiacha nje. Iko barazani pamoja na kandili."

Faki akacheka kidogo, cheko la kwanza tangu samadari kuingia. Mize akamsimulia walivyokutana zamani: njia ya mto, mtungi wake uliovunjika, mvua iliyonyesha. Akasimulia polepole, akirudia palipokuwa patamu, na sauti yake akiishusha, akiishusha.

Mlango ukasogea.

*Nimefika, nimefika,*
*mguu mmoja ndani...*

Mize ulimi ukamwasha. Ni mgeni, jamani! Yuko mlangoni! "Ka—" likataka kumtoka. Akauma pindo la kanga. Akafumba macho. Hakumpa mkono, hakumpa kiti, hakumuuliza habari za kwao. Maisha yake yote hakuwahi kufanya jambo gumu kama lile.

Mguu wa pili ukaingia.

Faki akashusha pumzi ndefu, na mara chumba kizima kikajaa mkoromo. Mize akasema moyoni, asubuhi nitamwomba radhi mgeni kwa kutompa hata... Hakulimaliza wazo hilo.

Kulipokucha Faki akapanda kilimani. Kijiji kizima kikamfuata. Akaukumbatia mnazi mrefu, akakwea. Mize chini, shingo imemkakamaa. Faki akafika nusu. Akafika robo tatu. Akafika kileleni, ambako upepo unayumbisha, akapumzika, akakaza kamba. Mara puu! Puu! Puu! Nazi zikaanza kuanguka, na vigelegele navyo vikapanda. Akashuka kama tone la maji.

Pembeni alikuwapo Bi Sichana, macho mekundu kama ngeu. Alikesha anamsema Mize. Akamsogelea, akanong'ona, "Shoga, huyo mgeni wako hawezi kupita na kwangu?"

"Anapita kila usiku," Mize akamwambia, akamshika mkono. "Anakukuta unaongea."

Mafunzo yake ni haya: chumba cha kulala ni cha kulala. Anayetaka kusifiwa na akae barazani. Na usingizi haulazimishwi. Utandikie, uuzimie taa, kisha ujifanye huna habari nao.

Tamu ya hadithi gawaneni, chungu yake niachieni. Mimi mwenyewe nilikwenda kwao jioni moja kuomba kahawa ya msimulizi. Nikapiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kuku ndio walionijibu, na walivyonijibu siwezi kurudia mbele ya watoto.