Vidole Vinne vya Pindo

Mungu hamtupi mja wake. Methali hii wengi wetu huipenda tukiwa tumeshiba. Tunamwambia jirani aliyepatwa na msiba, tunampa pole, kisha tunarudi kwetu kulala usingizi mnono. Maana yake ni nyepesi: Mwenyezi Mungu hamwachi mtu wake siku ya shida, hata pale mtu huyo anapokuwa amekwisha kukata tamaa. Kuitamka hakumshindi mtoto. Kuiamini ukiwa umepiga magoti kando ya shimo lililommeza mumeo, hiyo ndiyo kazi, na mke wa Fuko aliijua siku moja tu, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri.

Fuko si jina alilobatizwa nalo. Aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa mchimba visima, na nusu ya umri wake aliipitisha chini ya ardhi. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani, mwanamke mwepesi wa ulimi na mwepesi zaidi wa mikono. Walipendana kwa kutaniana. Ilikuwa nadra siku ipite bila mmoja kumchokoza mwenzake.

Sasa, Fuko alikuwa na ukaidi wake. Hakuamini tepu ya kupimia. Alisema tepu hulegea kama ahadi za walevi, ila mti hausemi uongo. Kwa hiyo kila kisima alikikatia fimbo yake, na fimbo hiyo ndiyo iliyopima upana wa shimo, na ndiyo aliyopelekewa fundi zege ili afinyange pete. Pete hizo ni duara kubwa za zege zinazoshushwa kisimani moja juu ya nyingine ili kuta zisibomoke.

Fimbo ya kisima cha zahanati iliegemezwa nyuma ya nyumba, shimo likiwa limekwisha kuchimbwa. Mkewe alikuwa akifua. Kamba ya nguo ikalegea, naye bila kufikiri akaiinua kwa fimbo ile. Blanketi bichi halina huruma. Fimbo ikavunjika kwa mlio mkali. Mwanamke akatazama kushoto na kulia kama mwizi wa kuku, akakata mti mwingine, akaulaza kando ya vile vipande viwili, akaupima. Na hapo mkono wake ukafanya kile ulichofanya kila siku kwa miaka kumi na tano juu ya vitambaa vya watu: ukaongeza vidole vinne vya pindo. Hakujua kama ameongeza. Fimbo mpya akaipaka majivu ili ionekane kuukuu, akanyamaza, na hiyo ndiyo iliyokwenda kwa fundi zege.

Siku ya kushusha pete ya kwanza, ilishuka vizuri hadi nusu ya kisima, pale shimo lilipoanza kuwa jembamba, ikakwama kama mfupa kooni. Haikushuka wala haikupanda. Jioni ile Fuko alirudi nyumbani amefura.

"Nikimtia mkononi yule fundi zege, nitamlisha zege lake kwa kijiko!" alisema. "Kipimo nimempa mwenyewe, kwa fimbo yangu."

"Labda fimbo ilivimba kwa mvua," mkewe alijibu akiwa ameinamia cherehani. Sasa alikumbuka pindo. Alitaka kusema. Akaona aibu, akasema moyoni kwamba atamwambia kesho.

Kesho yake asubuhi Fuko alitia mbao mbili juu ya pete iliyokwama ili zishike vifaa, akapenya ubavuni mwa mbao, akashuka chini yake kuchonga ukuta ili pete ipate njia. Juu, kwenye kapi ya kamba, alikuwa shemeji yake, yaani kaka wa mkewe. Mvua ya juzi ilikuwa imelainisha udongo wa mdomo wa kisima. Saa nne, bila hata kutoa onyo, ukuta wa juu uliporomoka wote.

Fundi cherehani alikuwa akishona sare ya shule kaka yake alipoingia mbio, miguu mitupu, uso umejaa vumbi.

"Dada, kisima kimembomokea."

"Yuko hai?"

Kaka yake alikuwa amekwisha kugeuka kurudi kisimani. Mwanamke akaondoka na sindano ikiwa bado imechomekwa kifuani mwa gauni lake.

Alipofika, uwanja wa zahanati ulikuwa umejaa watu wenye makoleo. Pale palipokuwa shimo palibaki bonde la udongo mwekundu, na kamba ya ndoo imezama humo kama uzi ndani ya kitambaa. Mchungaji alifika akiwa na Biblia kwapani. Alimkabidhi muuguzi Biblia, akavua koti, akashika koleo. Hakuhubiri hata neno moja, na kwa hilo watu walimheshimu kuliko mahubiri yake yote.

Mama mzaa Fuko alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mkwewe akaanguka miguuni pake.

"Mama, mimi ndiye niliyemuua mwanao." Akamweleza yote: blanketi, fimbo, vidole vinne, ukimya. "Kama si pete ile kukwama, leo asingekuwa chini. Nilikuwa na jioni nzima ya kumwambia, mama. Jioni nzima!"

Uchungu ulimpanda bibi yule, na hakuuficha; machozi yalimtiririka hadi kidevuni. Kisha akamwinua mkwewe, akamketisha kando yake.

"Nilipomzaa huyu, kitovu kilikuwa kimemkaba shingo," alisema. "Mkunga akaniambia, jikaze mama, huyu hatuna. Aliyemtoa kwangu siku ile mikono yake haijachoka. Hebu tumwombe Huyohuyo."

"Siwezi kuomba, mama. Maneno hayaji. Na kwa uso gani?"

"Basi nipe mkono. Mimi nitaomba, wewe itikia tu."

Akafumba macho. "Bwana Yesu, wewe ulilazwa kaburini, giza la chini unalijua. Sisi hatuwezi kufika alipo mwanangu, ila wewe umekwisha kufika. Mkalie karibu. Na huyu niliye naye hapa, naye usimwache."

"Amina," mwanamke akaitikia. Alikuwa hajui kama mumewe yu hai au amekufa, lakini jambo moja lilimtua rohoni: popote alipo, Fuko hayuko peke yake. Alilia, ila sasa kilikuwa kilio cha mtu aliyeshikwa mkono.

Ilipofika saa saba, kaka yake alileta bomba jembamba la chuma. Wakaligongomea ndani ya udongo taratibu, wakihofia kuukandamiza. Bomba lilizama, likazama, ghafla likapenya mahali patupu. Mchungaji akalala kifudifudi, sikio kwenye bomba. Akanyoosha mkono watu wanyamaze.

"Kuna mtu anagonga," akasema.

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Walipotulizwa, sauti ilipanda kupitia bomba, nyembamba lakini ileile.

"Shemeji! Nipo! Mbao na bonge la udongo vimeziba pete, imekaa juu yangu kama kifuniko cha sufuria. Ingekuwa na upana wake wa kawaida ingekuwa huku chini, mimi nikiiweka sawa bila kifuniko, na ningekuwa udongo. Mwambieni fundi zege nimemsamehe!"

Mwanamke aliwapita watu wote, akaliinamia bomba.

"Baba, usimsamehe fundi zege! Ni mimi! Fimbo yako niliivunja, nikakata nyingine, nikaweka na pindo!"

Bomba zima likaanza kutetema kwa kicheko.

"Pindo? Umekishonea kisima pindo? Nikitoka humu, mke wangu, usiniguse vipimo tena. Lakini leo ahsante."

Walichimba kwa saa tatu nyingine, sasa wakiimba. Saa kumi walimvuta juu kwa kamba, mwekundu kwa udongo tangu nywele hadi kucha, goti limechubuka, basi. Mkewe alimkumbatia hadi gauni lake likawa rangi moja na yeye.

"Uliogopa?" alimnong'oneza.

"Sana. Nikaimba ile sauti yako ya kwanza, nikaikosea yote. Halafu, sijui saa ngapi ilikuwa, hofu ikaniondoka tu. Nikaona kama kuna mtu ameketi karibu."

Mkewe na mama mkwe wakatazamana, wakashikana mkono tena.

Mchungaji akafuta jasho, akaomba Biblia yake, akakohoa kidogo ili aseme neno la shukrani. Bibi akamshika mkono kwa upole.

"Neno limekwisha kusemwa, Mchungaji, na wewe umelichimba kwa mikono yako. Tuseme amina twende nyumbani. Mungu hamtupi mja wake."