Kiuno cha Mwinjuma

Kisa hiki alikisimulia kwanza Mwinjuma mwenyewe, Idi ya mwaka 1999, akijicheka. Alikuwa na duka la spea Morogoro. Shemeji yake Zamda, muuguzi, alitaka shokapu, vile vyuma vya kupunguza mtikisiko, za gari lake la kwendea kazini.

"Nina laki tatu tu, shemeji."

"Za laki tatu zitakuvunja mgongo. Chukua za laki tisa. Haya, kajaribu zote!"

Zamda aliondoka na maboksi mawili, la laki tatu na la laki tisa. Kesho yake alimpakia Mwinjuma, wakapita kwenye mashimo.

"Umeona?" Mwinjuma alitamba. "Kiuno changu hakidanganyiki. Hizi za laki tisa! Kama si hizo, hizo za laki tisa chukua bure."

"Ahsante, shemeji. Maboksi yote yako kwenye buti, sijayafungua. Nimepunguza upepo wa tairi tu."

Mwinjuma alifariki mwaka 2008. Zamda yu hai.