Kikohozi cha Mzee Sekiondo

Hapo zamani, enzi za redio za kaseti, palikuwa na msitu mdogo katika milima ya Upare, na ndani ya msitu palikuwa na chungu cha matambiko. Kila mwaka kabla ya kupanda, Mzee Sekiondo aliingia na pombe ya miwa, akawaita mababu kwa majina, akakohoa, akaomba mvua, akatoka. Siku moja akafa bila kumtaja mrithi.

Baraza la kijiji likaamua kwamba mtu mmoja akabidhiwe msitu ule, atambike, na wageni wakiuliza maana yake, ajibu yeye. Asipopatikana, ukatwe, ilimwe kabichi. Sikilizeni vizuri hapo kwenye kabichi.

Wakajitokeza watatu, nami nasema mapema kwamba simwamini hata mmoja.

Wa kwanza alikuwa Namkunda, mkamwana wa marehemu. Ndiye aliyeipika ile pombe miaka yote, akawa anasikiliza nje ya uzio wa msitu, maana wanawake hawakuingia. Akatambika mbele ya baraza. Akayataja majina, akakohoa, akaomba mvua. Watu wakalia.

Wa pili alikuwa Daktari Kiangi wa chuo kikuu, mzaliwa wa hapo hapo. Ndiye aliyemrekodi mzee, na bila kaseti yake huenda nusu ya majina yangepotea. Akayataja majina, akakohoa, akaomba mvua. Tena akaeleza kwamba kikohozi kile ndicho kinachowafungulia mababu mlango. Ameshaandika hivyo kitabuni, na kitabu kinasomwa Ulaya.

Wa tatu alikuwa Mchungaji Elinaja, mjukuu wa marehemu, aliyelelewa na babu yake huyo. Ujanani aliichoma ngoma ya mtambiko. Sasa alidai kwamba babu alikuwa akimwomba Mungu yule yule, ila hakujua. Apewe msitu, asimike msalaba, na hakuna atakayethubutu kukata mti. Naye akayataja majina, akakohoa, akaomba mvua.

Hapo akasimama Bi Nanzia, mjane wa Mzee Sekiondo.

"Mume wangu aliharibika kifua kwa ugoro," akasema. "Baba yake alitambika pale pale na hakukohoa hata siku moja. Mnarithi ugonjwa, wanangu."

Baraza likacheka mpaka likafuta machozi. Aliyecheka kuliko wote ni kaka yake Bi Nanzia, ambaye alikuwa ameshasia mbegu za kabichi kitaluni.

Watatu wakaambiwa watambike upya. Mchungaji akaacha kikohozi, na majina ya mababu waganga akayaruka. Kiangi akaacha kikohozi, akaahidi kurekebisha kitabu. Namkunda akakohoa.

"Mkwe wangu alivyonipa ndivyo nitakavyotoa," akasema. "Kama ni ugonjwa, mababu wameshauzoea."

"Alikupa lini, na wewe ulikuwa nje ya uzio?" akauliza Kiangi. "Si uliazima kaseti yangu juzi?"

Namkunda akaitoa kaseti kwenye kanga, akamrudishia.

Basi mvua haijanyesha, na kaka yake Bi Nanzia ameshanoa panga. Je, nani alistahili kuusemea msitu ule: aliyesikiliza nje ya uzio, aliyerekodi akaandika uongo bila kujua, au aliyechoma ngoma kisha akarudi? Na wewe uliyejibu haraka hivyo, bustani yako ya kabichi iko wapi?