Mlevi Aliyekabidhiwa Moto

Paukwa!

—Pakawa!

Mnaitika kana kwamba mmelazimishwa. Paukwa!

—Pakawa!

Sasa naona mpo. Sogeeni basi.

Zamani hizo, kabla kiberiti hakijazaliwa, palikuwa na kijiji mlimani, nyumba zake zote zimeezekwa kwa nyasi. Upepo wa huko ulikuwa mkali, na moto ulikwisha kukiteketeza kijiji mara mbili. Kwa hiyo iliwekwa sheria: jua likizama, kila nyumba izime moto wake, isipokuwa nyumba moja tu. Hiyo iliitwa Nyumba ya Moto. Mlinzi wake aliyafukia makaa majivuni kila jioni, akayafukua alfajiri, akayapuliza, fuu, fuu, fuu, mpaka yakawaka. Ndipo wanawake walipokuja na vigae vyao kuomba kaa la kupikia.

Mlinzi huyo alikuwa Bibi Naetwe. Miaka arobaini alifukia na kufukua, wala hakuna aliyempigia vigelegele. Nani amshangilie mtu kwa kufanya leo kile alichokifanya jana?

Waliyemshangilia ni Kiondo. Kiondo alikuwa mtu wa vipaji. Kipaji chake cha kwanza kilikuwa kunywa pombe ya miwa. Gulu, gulu, gulu. Kipaji chake cha pili kilikuwa kuapa kwamba ameiacha. Alipoapa, kijiji kizima kilikusanyika. Ngoma zilipigwa, wazee walitoa hotuba ndefu, naye akabebwa juu juu. Na kwa kuwa furaha kubwa kama hiyo haistahili kupita kavu, walimpongeza kwa kibuyu cha pombe. Viapo saba, vibuyu saba. Werevu wa kijiji hicho ulijulikana hadi mbali.

Baada ya kiapo cha saba, mkewe Nakijwa alifunga mzigo wake, akarudi kwa baba yake, Mzee Mrutu, mlima wa pili, ng'ambo ya bonde. Kiondo alimfuata, kiapo cha nane kikiwa tayari mdomoni. Mzee Mrutu alimkatiza langoni.

"Usiape hapa. Utawashtua ndama."

"Baba, nirudishie mke wangu. Safari hii nimeacha kweli."

"Masikio yangu yamechoka nawe, lakini macho bado ni mazima. Kutoka hapa nakiona kijiji chenu chote. Siku macho yangu yatakaporidhika, nitamwambia Nakijwa, naye ataamua mwenyewe."

Kiondo akarudi bondeni, akapanda mlima wake, akaenda kwa Bibi Naetwe akilia.

"Bibi, nimefiwa na mke aliye hai. Nipe dawa."

"Dawa ninayo. Ni chungu."

"Nitainywa yote kwa mkupuo mmoja!"

"Hilo silitilii shaka. Lakini hii haina mkupuo, mjukuu wangu. Ni ya kila siku." Akamnyooshea kigae chenye makaa. "Magoti yangu yamekataa kuinama. Kuanzia leo nyumba yako ndiyo Nyumba ya Moto. Alfajiri fukua. Mchana tafuta kuni. Jioni fukia."

"Na kiapo, Bibi? Niape kwa nani?"

"Moto hauna masikio. Nenda."

Wazee walipopata habari walipiga kelele. "Moto apewe mlevi! Umepatwa na nini, Naetwe?"

"Mlimpa vibuyu saba, hamkuogopa," akasema. "Mimi nimempa makaa matatu, mnatetemeka."

Basi Kiondo akaanza. Siku za kwanza mikono ilimcheza hata majivu yakamrukia usoni. Alfajiri alifukua. Fuu, fuu, fuu. Wanawake walijipanga mlangoni na vigae vyao, na ndimi zao pia walikuja nazo.

"Mlinzi, mbona macho mekundu?"

"Ni moshi, shemeji."

"Ajabu! Leo ni moshi kweli!"

Mchana alitafuta kuni. Jioni alifukia. Na saa ya kufukia ndiyo iliyokuwa saa ya kibuyu. Wenzake wa zamani walipita njiani wakiita, "Kiondo ee!" naye yuko chini, amepiga magoti, majivu viganjani, makaa yanamngoja. Walimwonea huruma sana. "Maskini," walisema, "amepatwa na kazi." Bibi Naetwe alijua tangu mwanzo kwamba saa hizo mbili zitagongana. Hakusema. Hotuba aliwaachia wenye nafasi.

Siku ya tatu Kiondo alimwendea akitabasamu.

"Bibi, nimetimiza siku tatu!"

"Ya leo umekwisha kufukia?"

"Bado."

"Sasa hapa unafanya nini?"

Alfajiri kufukua, mchana kuni, jioni kufukia. Miezi miwili ikapita. Kila kulipokucha, moshi wa kwanza kijijini ulipanda kutoka nyumbani kwa Kiondo, na ng'ambo ya bonde palikuwa na mtu aliyesimama langoni akiutazama.

Wazee nao wakautambua. Na wazee wa kijiji hicho walipoona jambo jema, hawakuweza kuliacha lilivyo. Walimjia jioni na ngoma, na hotuba, na kibuyu.

"Mwanetu, umeshinda! Onja kidogo tu. Ni ya heshima."

Kiondo akaionja heshima. Gulu. Akaionja tena. Gulu, gulu, gulu. Makaa yakabaki wazi jikoni.

Kulipokucha, majivu yalikuwa baridi. Hapakuwa na moshi. Wanawake walisimama mlangoni na vigae vitupu, na watoto walilia njaa. Wazee wakatikisa vichwa. "Sisi tulisema," walisema. Na kweli, walikuwa wamesema.

Kiondo alilala, ameugeukia ukuta. Ko, ko, ko. Fimbo ya Bibi Naetwe.

"Bibi, nimeharibu yote. Siku zangu sitini zimepotea."

"Zimepotea wapi? Siku zote hizo nilikula ugali uliopikwa kwa moto wako, nao ulinishibisha. Kilichozimika ni moto wa leo. Amka, nina njaa."

"Nitautoa wapi?"

"Ng'ambo ya bonde wanao."

Kiondo akaruka kitandani. "Kwa mkwe wangu? Ninavyonuka hivi?"

"Nenda ukinuka. Tukingoja mpaka unukie, tutakufa."

Akachukua kigae. Akashuka, akashuka. Akapanda, akapanda. Mzee Mrutu alikuwa langoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo sikuona moshi."

Uongo ulikuja mdomoni mwa Kiondo, mwingi na mzuri. Akaumeza.

"Nilikunywa, baba. Moto umezimika. Watu wana njaa. Naomba kaa."

"Na kiapo umekuja nacho?"

"Sina."

Mzee Mrutu alikitazama kigae. "Nimekuzoea na viapo," akasema. "Kigae sijapata kukuona nacho."

Akaita ndani. Nakijwa akatoka, akaweka makaa kigaeni, akayafunika kwa majivu.

"Usikimbie," alisema. "Yatazimika njiani."

Kiondo hakukimbia. Kabla ya adhuhuri kijiji kilikuwa kinapika.

Jioni wazee walikuja tena, safari hii kumfariji. Mnajua walichokuja nacho. Walimkuta amepiga magoti.

"Nawashukuru, wazee wangu," alisema bila kugeuka. "Nina kazi." Akafukia.

Alfajiri kufukua, mchana kuni, jioni kufukia. Mvua zikanyesha, zikakatika. Mtama ukavunwa. Alfajiri moja, kabla wanawake hawajafika, akasikia mlangoni:

"Hodi."

"Karibu."

Alikuwa Nakijwa. Umande ulikuwa umemlowesha hadi magotini, na mkononi alishika kigae.

"Nimekuja kuomba moto."

Kiondo alistaajabu. "Kwani huko kwenu umezimika?"

"Haujazimika."

Akaweka kigae chini, akaketi kando ya mafiga. Kiondo akainama, akapuliza. Fuu, fuu, fuu.

Wazee walitaka kuleta ngoma. Bibi Naetwe aliwaambia wakaipige huko bondeni, pamoja na kibuyu chao.

Na funzo ni hili. Anayejinasua kutoka kwenye ulevi, mpeni kazi ndogo inayomngoja kila kukicha. Akianguka, mpeni kigae akatafute moto mwingine. Na nyinyi mnaopenda kumpongeza mtu kwa kile kile kilichomwangusha, sikumtaja mtu hapa. Nimesimulia tu.

Hadithi yangu naifukia majivuni hapa. Atakayewahi kuamka, aifukue.