Kiti cha Mbogo

Nyama ya kisiwani hupimwa kwa mtumbwi.

Bibi Perusi aliyatamka maneno hayo bila kuinua macho kwenye ungo wake wa choroko. Wajukuu wake wawili, Nyamisi na kaka yake Mugeta, walikuwa wamekaa mkekani na daftari, wakiandika majina ya waalikwa wa sherehe ya kumuaga dada yao anayeolewa. Ukumbi walioupata ulikuwa wa watu mia moja na hamsini. Wao walishavuka mia mbili, na bado Nyamisi alikuwa akimtetea shoga yake wa shule ya msingi.

"Bibi, nyama tumeiona. Mtumbwi uko wapi?" Mugeta aliuliza huku akicheka.

Nyamisi hakucheka. Yeye alitaka kujua nani aliyeyasema kwanza. Basi Bibi akauweka ungo kando, jambo asilolifanya ovyo, akawaambia kwamba methali hiyo ina mwenyewe, tena ni mtu wa ukoo wao, na kama wanataka kujua ilikotoka wafunge hilo daftari kwanza. Wakalifunga. Naye akawaeleza.

Ufukoni mwa ziwa palikuwa na mtu aitwaye Magesa, na Magesa alikuwa mtu wa mipango. Wenzake wakiamka hutafuta jembe. Yeye alitafuta kijiti, akachuchumaa uani na kuchora mavumbini kazi ya siku nzima, hapa palizi, hapa kuni, hapa kupumzika. Mkewe alikuwa akifagia juu ya michoro hiyo kila asubuhi, na kila asubuhi Magesa alichora upya bila kinyongo. Watu walimtania, lakini walimpenda. Mtu akitaka kujenga ghala alimwita Magesa aje amchoree.

Alikuwa na binti mmoja tu, Nyanjura, naye alimpenda kupita kiasi. Mwaka ambao Nyanjura alichumbiwa, sotoka ilipita kijijini ikafagia ng'ombe wote, zizi hadi zizi. Siku ya harusi ilikuwa imeshapangwa, wakwe wameshaambiwa, na zimebaki siku kumi na mbili. Kuku hawakutosha hata wazee peke yao. Magesa akaingiwa na hofu ya kweli. Alijiona akiwapokea wakwe kwa ugali na mlenda, na mwanawe akiondoka nyumbani kichwa chini.

Ndipo alipomkumbuka mbogo wa Nyarusoro.

Nyarusoro ni kisiwa kilicho mbali, mwendo wa kasia tangu alfajiri hadi jua kuzama. Hakikai watu. Mwaka mmoja ziwa lilipokupwa sana, dume moja la mbogo liliogelea hadi huko, maji yalipojaa likashindwa kurudi. Likazeekea huko peke yake, jeusi kama kitako cha chungu. Desturi ilikuwa kwamba hakuna anayekwenda Nyarusoro bila mzee Lugoye, kwa sababu ujana wake wote aliupitisha huko akikausha samaki, na alikijua kisiwa kile kama mtu anavyojua chumba chake. Ujira wake ulikuwa mdogo: kiti ndani ya mtumbwi, na ulimi wa mnyama atakayepatikana.

Magesa akashika kijiti. Siku mbili nzima alipanga. Akachora kisiwa, akachora shimo la kumtegea mbogo, akapima unga, akahesabu kamba, mikuki, makasia ya akiba, vyungu viwili kwa sababu kimoja kinaweza kupasuka. Mwisho akachora mtumbwi. Ulikuwa mtumbwi wa watu wanne, kwa hiyo akaweka kokoto nne: yake mwenyewe, ya mdogo wake Bwire, ya shemeji yake Masatu, na ya mzee Lugoye. Akatazama. Mbogo atakaa wapi?

Alifikiri mpaka uji wake ukapoa. Kisha akaiondoa kokoto ya mzee Lugoye, akaweka kaa jeusi la jikoni mahali pake. Mbogo mmoja, kiti kimoja. Aliridhika sana na hesabu hiyo.

Mzee Lugoye alipopata habari kwamba ameachwa, hakununa. Alikuja na mkongojo wake kuutazama mpango, kama watu wote walivyokuja kuutazama, maana ulikuwa umejaa uani na watoto walikatazwa kupita.

"Mwanangu," akasema, "hili kaa ni nani?"

"Ni mbogo, mzee."

"Na amekaa kwenye kiti cha nani?"

Magesa akajikuna kisogo. "Kwa kweli, mzee, ni chako. Utuwie radhi. Nafasi ni finyu."

Mzee Lugoye alicheka mpaka akakohoa. "Basi mwambieni akae vizuri," akasema, akaenda zake. Na Magesa, aliyekuwa amemwuliza kila mtu kijijini kuhusu unga na kamba, hakumwuliza mzee yule swali hata moja.

Walifika Nyarusoro salama, na hapo mpango ukaanza kuchechemea. Magesa alikuwa ametenga siku moja ya kutafuta mahali mbogo anaponywea maji. Walitafuta siku nne. Walizunguka kisiwa, wakachomwa na miiba, Masatu akaumwa na siafu mahali pasipotajika mbele ya watu. Siku ya tano wakaona alama za kwato kwenye tope, wakachimba shimo, wakalifunika kwa matawi. Siku ya sita mbogo akaja, akalinusa shimo na kulizunguka kwa heshima zote, kisha akawageukia wao. Bwire alijikuta juu ya mti ambao maisha yake yote hakujua aliupandaje. Masatu alikimbia upande huu, Magesa upande ule, na mbogo, katika kugeuka ghafla ili achague wa kumfuata, akatumbukia kwa miguu ya nyuma. Mikuki ikamaliza kazi.

Magesa alilia kwa furaha. Alilipapasa lile paja kubwa akamshukuru Mungu, akamshukuru na mbogo. Harusi ilikuwa imepona. Wakachuna, wakakata, wakabanika siku nzima juu ya moto, maana muda haukuruhusu zaidi. Ilibaki siku moja ya kurudi, na kesho yake ndiyo harusi.

Asubuhi wakapakia. Nyama iliyobanikwa ilijaa tangu tezi hadi omo. Bwire akaingia, mtumbwi ukazama kiganja kizima. Masatu akaingia, maji yakafika vidole viwili chini ya ukingo. Magesa akainua mguu mmoja tu, na ziwa likaanza kumiminika ndani.

"Shuka, shuka!" Bwire akapiga kelele.

Wakatoa makasia ya akiba. Wakatoa vyungu vyote viwili, kamba, unga uliobaki, mikuki. Mipango yote ya Magesa ikalala mchangani. Akajaribu tena, maji yakaingia tena.

"Shemeji," Masatu akasema, "tutoe paja moja."

"Paja hilo ni la wakwe."

"Basi mbavu."

"Mbavu ni za wazee wa ukoo. Nimeshawaambia."

"Shingo je?"

"Ya wapishi. Masatu, kila kipande humu kina mwenyewe!"

"Kichwa?"

Magesa akasita. Kichwa hakikuwa kimepangiwa mtu. Wakakitoa, kizito kama jiwe la kusagia, na bado hakikutosha. Jua lilikuwa linapanda. Magesa akautazama mtumbwi, akaitazama nyama, akajitazama mwenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akapanga jambo bila kijiti.

"Nendeni," akasema. "Nitabaki mimi."

"Kaka, harusi—"

"Kesho, Bwire. Harusi ni kesho. Nendeni! Mtanifuata ikiisha."

Wakaenda. Walipowasili jioni, vigelegele vilisikika hadi kijiji cha pili. Watu walipokezana mizigo ya nyama wakiimba. Nyanjura naye aliteremka ufukoni, ingawa bibi harusi hapaswi kuonekana, akatazama walioshuka. Akahesabu wawili. Akasubiri wa tatu ashuke.

"Mjomba, baba yuko wapi?"

Masatu alikuwa amejiandalia maneno njiani, yote yakamtoka kichwani. Akaonyesha lile paja la mbogo likipita mabegani mwa vijana. "Pale," akasema. "Kiti chake kimekaliwa na lile."

Nyanjura hakulia. Aliuliza mtumbwi unavuja au hauvuji. Akaambiwa hauvuji. "Basi harusi haipo kesho," akasema. "Kwetu baba ndiye amshikaye mwanawe mkono akamvusha kizingiti. Mimi nitashikwa mkono na paja?" Wakwe walipoelezwa walikubali, tena kwa kicheko, kwa sababu nyama ilikuwa imebanikwa na haikuwa na haraka. Alfajiri Nyanjura akaingia mtumbwini pamoja na Bwire, na mbele kabisa akamketisha mzee Lugoye.

Huko Nyarusoro Magesa alikuwa amekaa kando ya kile kichwa, akiifuata harusi kwa jua. Jua likiwa hapa, wakwe wanawasili. Likifika pale, ngoma inaanza. Sasa wanakula mbavu. Alifurahi kwa kila kipande alichokiona kikiliwa, mpaka alipofika kwenye kizingiti. Hapo hakujua aweke mkono wa nani. Aligundua kwamba katika mipango yake yote hakuwahi kujichora humo. Akalia kama mtoto, hakuna aliyemwona ila mbogo.

Jua lilikuwa limeinama alipouona mtumbwi. Ulikuja kwa wepesi, umekaa juu ya maji kama bata. Akawahesabu waliomo: Bwire, mzee Lugoye, na msichana mwenye hina mikononi, akipiga kasia. Kiti kimoja kilikuwa kitupu.

"Nyanjura! Harusi imekuwaje?"

"Inakusubiri, baba," Nyanjura akajibu. "Ulimpima mbogo, ukapima na njaa ya watu. Mtumbwi hukuupima. Ningekula vipi nyama iliyokaa mahali pako?"

Mzee Lugoye alikuwa ameshashuka, akaenda hatua chache nyuma ya mwamba mkubwa uliokuwa pale pale walipotia nanga siku zote zile, akarudi na kibuyu cha maji baridi ya chemchemi. Bwire alipoiona chemchemi hiyo, ukingo wake wote umejaa alama za kwato, alikaa chini akashika kichwa.

"Na ulimi wangu?" mzee akauliza.

"Upo, mzee," Magesa akasema kwa aibu. "Ila nimekula nusu."

"Si kitu." Mzee Lugoye akaupiga mtumbwi kwa mkongojo, pale palipokuwa patupu. "Ingia. Kiti cha mbogo hicho, kaa vizuri."

Kesho yake jioni walifika, na siku iliyofuata Magesa alimshika mwanawe mkono akamvusha kizingiti. Nyama ilitosha, hata ingebaki paja moja kisiwani ingetosha. Wapishi walipomwuliza mzee Lugoye ilikuwaje mpaka harusi ikangoja siku mbili, aliwajibu kwa maneno machache, na watu wakaondoka nayo makwao pamoja na mifupa ya mbogo.

Bibi Perusi akauvuta ungo wake. Mugeta alikuwa bado anamcheka Bwire na mti wake. Nyamisi alilifungua daftari taratibu, akapitisha kidole kwenye majina, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Kisha akarudia tangu mwanzo.

"Mugeta," akasema kwa sauti ndogo, "Bibi hatukumwandika."

Bibi akaendelea kupepeta choroko zake, akitabasamu, kama mtu aliyelijua hilo tangu asubuhi.

"Ndiyo hivyo, wajukuu zangu," akasema. "Nyama ya kisiwani hupimwa kwa mtumbwi."