Jaruba la Kwanza Mferejini

Sogeeni, niwape kesi iliyowashinda watu wa skimu ya Msanganyo, nami ikanishinda.

Maji ya skimu ile, ya kumwagilia majaruba ya mpunga, yaligawiwa na kompyuta. Lakini kila mwenyekiti aliyeingia alichomeka "kama" yake ndani ya programu: kama shamba ni langu, fungua kwanza; kama ni la shemeji yangu, ongeza. Watu wa mwisho wa mfereji, mama wa binti mmoja aitwaye Siwema akiwa mmojawapo, waliambulia tope. Mkutano ukachoka, ukaamua iandikwe programu mpya isiyo na "kama" hata moja, ili upendeleo ukose pa kuingilia. Zawadi ya atakayeifanya kazi hiyo ilikuwa jaruba la kwanza kabisa mferejini. Lina lango moja na haligawanywi. Siwema alilitaka kwa moyo wake wote, amhamishie mama yake.

Kazi walipewa vijana watatu wa hapohapo.

Siwema alikuwa na kipaji cha kupanga. Alichora jedwali: mpunga uliopandikizwa maji kiasi hiki, unaochanua kiasi hiki, unaokomaa sufuri. Programu haikuuliza chochote. Tarehe iliipeleka moja kwa moja kwenye mstari wake, ikachukua kilichoandikwa.

Lugendo alikuwa na kipaji cha kuelekeza. Malango ya skimu hayafanani, mengine ya chuma, mengine ya mbao, na kuna pampu. Akaliwekea kila moja maelekezo yake. Programu ikawa inasema "Fungua" tu, na kila lango likafunguka kama linavyojua.

Nyamizi alikuwa mtu wa hesabu. Shamba kavu aliliita moja, lililojaa maji akaliita sufuri, kisha akazidisha kwa kiasi cha kwenye jedwali. Shamba lililojaa likapata sufuri bila kuulizwa na mtu.

Ondoa kazi ya mmoja wao, programu inakufa. Mkutano ukaifunga isiguswe mpaka mavuno, na nywila akakabidhiwa Siwema kwa sababu wote walimwamini, naye akaahidi kutoigusa. Msimu ule maji yalifika mwisho wa mfereji, watu wakapiga vigelegele.

Isipokuwa kwenye shamba moja. Skimu nzima hupandikiza wiki moja, na jedwali lilifuata wiki hiyo. Mama yake Siwema aliugua malaria, akachelewa. Mpunga wake ulipoanza kuchanua, jedwali lilihesabu kwamba unakomaa. Shamba lilikuwa kavu, yaani moja, lakini moja mara sufuri ni sufuri. Lango likatii, likabaki limefungwa.

"Mwanangu, si wewe uliyeiandika?" mama aliuliza. "Iambie basi."

"Nikiiambia, mama, nitakuwa nimechomeka kama yangu."

"Nani atajua?"

Siwema aliketi mbele ya kompyuta. Mstari mmoja tu ungetosha. Hakuuandika. Mpunga ukakauka anauona, na mama yake akaacha kuzungumza naye. Roho ilimuuma, na ilimuuma zaidi kwamba sufuri ile aliiandika yeye mwenyewe.

Siku ya zawadi mwenyekiti akasema, "Apewe Siwema. Amepoteza kuliko wote."

"Amepotezewa na jedwali lake," Lugendo akajibu. "Alisahau kuwa watu huugua. Malango yangu hayakukosea."

"Na hesabu yangu haikukosea," Nyamizi akasema. "Tumefanya kazi sawa. Pole tunampa, lakini pole si jaruba."

Bi Mwanahawa, jirani wa mama yake Siwema, akasimama. "Mwenyekiti, unasema: kama mama yake amepata hasara, basi Siwema apewe. Hiyo si kama nyingine?"

Siwema alijua Bi Mwanahawa amesema kweli, na alimchukia kwa kuisema. Akamtafuta mama yake kwa macho. Mama alikuwa anatazama pembeni.

Mkutano ukavunjika bila uamuzi. Mpaka leo jaruba lile limeota magugu, na maji yanalipita kwenda kwa wengine.

Haya, kesi ni yenu sasa. Mtampa Lugendo, ambaye malango yake yalitii? Nyamizi, ambaye hesabu yake ilikuwa sahihi? Au Siwema, aliyekosea kwenye jedwali, kisha akashika neno lake mpaka mama yake akakosa chakula? Na wewe unayetaka kumpa Siwema, niambie: unamlipa kazi yake, au unachomeka kama yako?